Swichi ya Chumba cha Kwanza

Nilipohamia Segese nilikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo, kitanda cha mbao kilichopungukiwa chaga mbili, na swichi ya taa ya watu wote. Ufunguo na kitanda nilivitambua siku ile ile. Swichi niliitambua baadaye, na ninakuomba, ndugu msomaji, unisikilize mpaka mwisho, maana habari yenyewe si ya kujisifia.

Segese, kwa asiyepajua, ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, upande wa kwenda Geita. Ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha mwaka 2001, uko katika halmashauri hiyo hiyo. Lakini sisi tunaoishi mtaani tunaijua dhahabu kwa upande wa wachimbaji wadogo: maduara, mifuko ya mawe inayoshushwa kwenye malori, makarasha yanayosaga usiku na mchana, na vumbi linaloingia mpaka kwenye sukari. Watu wametoka kila pembe. Utasalimiwa "mwangaluka" asubuhi na Msukuma, na kabla hujamaliza kuitika umeshapigiwa kelele na dereva wa bodaboda kutoka mkoa mwingine kabisa. Mji wa namna hii haulali, na watu wasiolala wanahitaji taa.

Kazi yangu ilikuwa kushika daftari kwenye karasha, kuandika mifuko ya nani imeingia na ya nani imesagwa. Usiku niliandika mambo yangu. Ndiyo, mimi nami ni mmoja wa wale wenye daftari la hadithi chini ya godoro. Hadithi niliyokuwa nayo wakati ule ilihusu giza. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata huko huko wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa shimoni, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Walikula vyura na wadudu. Nilitaka kuandika jinsi mtu anavyoishi siku 41 bila kuona mkono wake mwenyewe. Niliona ni jambo kubwa, la kunitoa kimaisha.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, na korido katikati. Mlango wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unatokea uani, kwenye majiko na choo. Katikati ya korido pana kidaraja kimoja, kwa sababu mzee aliijenga nyumba kwa awamu mbili na sakafu hazikukutana sawa. Taa ya korido ilikuwa moja, juu ya kidaraja hicho hicho. Na swichi yake haikuwa koridoni. Ilikuwa ndani ya chumba changu, cha kwanza kulia, pembeni ya mlango.

Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Umeme ulipofika, mzee mwenyewe ndiye aliyeishi chumba hicho, akamwambia fundi amwekee swichi karibu ili wapangaji wasiichezee. Baadaye mzee akahamia shambani kwake, chumba akakipangisha, na swichi ikabaki mule mule. Mpangaji wa chumba cha kwanza akarithi kazi ya mwenye nyumba bila kuomba.

Ngoja sasa kasheshe ianze. Nyumba ina LUKU moja. Kila aliyewahi kupanga anajua maana yake. Huyu ana pasi, yule ana friji la kuuzia maji baridi, mwingine ana redio tu na simu ya kitochi, na wote mnachangia sawa. Umeme unakatika saa mbili usiku, zinaanza kelele: nani kanunua mara ya mwisho? Nani ana ile namba ya tarakimu 20? Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, basi mtu ananunua umeme, anaona fedha imepungua, anamtazama jirani kama mwizi, kumbe ni kodi ya mwenye nyumba.

Mzee alipochoshwa na kesi alifunga mita ndogo, moja kwa kila chumba. Lilikuwa jambo la maana. Kila mtu alisoma mita yake, tukalipa kwa kadiri ya tulichotumia. Lakini fundi aliyezifunga hakujishughulisha na taa ya korido. Waya wake ulitoka chumbani kwangu, akauacha hivyo hivyo, nyuma ya mita yangu. Kwa hiyo korido ya watu sita ikawa inawaka kwa fedha yangu peke yangu.

Nililigundua jambo hilo mwezi wa pili. Nikapita mlango kwa mlango na daftari langu la karasha. "Jamani, taa ya korido nailipia mimi. Kila mmoja anipe shilingi mia tano kwa mwezi." Wawili walitoa. Mmoja alisema yeye hurudi mchana, taa haimhusu. Kijana wa chumba cha tano, anayepakia mawe pale pale ninapofanya kazi, alicheka: "Mshikaji, yaani unatudai mwanga?" Mama wa chumba cha nne alisema, "Mwanangu, nipe mpaka mwisho wa wiki." Wiki ikaisha, nyingine ikaisha.

Nikaamua kuzima. Saa nne usiku, taa kap! Niliona ni haki yangu. Na nikuambie ukweli, msomaji, kulikuwa na utamu ndani yake. Mtu mdogo kama mimi, ambaye kazini hukatwa mshahara akikosea hesabu ya mfuko mmoja, nilikuwa na kitu ambacho watu wazima wangekuja kuniomba.

Mama wa chumba cha nne alikuja kuomba. Yeye aliuza uji na maandazi kwa watu wa zamu ya usiku. Aliamka saa tisa, akawasha mkaa uani, kisha akapita koridoni na sufuria mpaka mlango wa mbele, ambako aliweka meza yake. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sitaki taa usiku kucha. Niachie tu saa ile ninayopita."

Nikamjibu, "Mama, nitajuaje unapita saa ngapi? Lipeni kwanza."

Hakubishana. Tangu siku hiyo alipita na simu ya kitochi ameibana kwa meno, mikono yote miwili kwenye sufuria. Nilimsikia kila usiku, nyayo zake zikipunguza mwendo kwenye kile kidaraja. Mimi nilikuwa macho, taa ya chumbani inawaka, naandika habari za giza la Nyangarata.

Usiku ule nilisikia nyayo, halafu sikusikia kupungua mwendo. Nilisikia sufuria likigonga sakafu, kisha sauti ambayo sitaieleza.

Niliruka kutoka kitandani, na mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Hatua moja tu. Taa ikawaka koridoni, na milango yote ikafunguka wakati huo huo. Mama alikuwa chini, uji umemwagika kuanzia gotini mpaka kwenye unyayo, na mkono wa kushoto nao umeungua. Mtu akasema leteni dawa ya meno. Mwingine akasema yai bichi. Kijana wa chumba cha tano, yule aliyecheka, akawapigia kelele wote: "Maji! Maji ya baridi tu, msimpake kitu!" Akaleta ndoo na kopo, akammiminia polepole, muda mrefu, labda dakika ishirini, mpaka bodaboda ilipopatikana wakampeleka kutibiwa. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndivyo inavyotakiwa: maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20, na usipake kitu kingine.

Hakuna aliyenisema. Waliniangalia tu, halafu wakaiangalia taa, halafu wakaingia ndani. Ningelitukanwa ningejitetea. Nilikuwa na hoja zangu tayari, nzuri kabisa, na hakuna aliyezihitaji.

Asubuhi nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Balbu ilikuwa ya zamani, ya wati 60. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri ni saa nane. Wati 60 mara saa nane ni 480, yaani chini ya nusu yuniti. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa kila yuniti hadi 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo analipa 350, kabla ya kodi. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja huzipita hizo 75 mapema, kwa hiyo chukua bei ile kubwa. Nusu yuniti kasoro kidogo: shilingi 168. Ndiyo bei ya giza la usiku ule.

Sasa niliiacha taa ikiwaka usiku kucha, bila kumdai mtu. Nilidhani hiyo ndiyo toba. Kumbe swichi bado ilikuwa chumbani kwangu, na nikisafiri kwenda Kahama mjini na kufunga mlango, watu walikaa na taa mchana kutwa au na giza usiku kucha, ilivyokuwa bahati yao. Halafu balbu ikaungua. Nikazima swichi, nikapanda stuli, nikashika balbu kuitoa. Kioo kikabaki mkononi, kitako kikabaki kwenye holda. Nikaingiza kidole. Bwana wee! Nilijikuta chini, mkono umekufa ganzi mpaka begani. Na swichi nilikuwa nimeizima, naapa.

Hapo ndipo nilipomtafuta fundi wa kweli. Nilielekezwa kwa dada mmoja aliyesomea umeme wa majumbani VETA, mwenye leseni ya EWURA. Alikuja na begi dogo, akanisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kaka, ulizima swichi au ulizima meni swichi?"

"Swichi."

"Basi swichi yako inakata nyutro."

Akanieleza. Umeme wa nyumbani una waya wa moto na waya wa nyutro. Swichi inatakiwa ikae kwenye njia ya waya wa moto, ili ukiizima, taa ibaki haina kitu. Fundi wa kwanza alikosea akapitisha nyutro kwenye swichi. Taa ilizimika vizuri tu, kwa sababu njia ilikuwa imekatwa, lakini moto ulikuwa unafika mpaka kwenye holda saa zote, ukimsubiri mtu wa kuugusa. "Ukiangalia kwa macho huoni tofauti," alisema. "Taa imezima, wewe unaamini uko salama."

Alinionyesha na ndani ya ile swichi. Ilikuwa imeungua weusi, na springi yake imelegea. Swichi nzuri inakata kwa haraka, kap, ili cheche isipate muda wa kuchoma. Nilipofuatilia nilikuta kwamba wazo hilo ni la zamani: swichi ya kukata haraka ilibuniwa na John Henry Holmes huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1884. Yetu ya Segese ilikuwa imerudi nyuma ya mwaka huo.

Nikamwambia ninachotaka: swichi itoke chumbani kwangu. Akasema, "Kuitoa tu haitoshi. Ukiiweka mbele, wa uani atapita gizani. Ukiiweka nyuma, wa mbele atapapasa ukuta. Korido ni ya kuwekwa tuwei." Akachukua kalamu yangu, ile ile ya hadithi, akachora nyuma ya daftari.

Swichi ya kawaida ina matundu mawili, umeme unaingia na kutoka. Ya tuwei ina matatu: moja limeandikwa COM, mengine L1 na L2. Waya wa moto unaingia kwenye COM ya swichi ya mbele. Kutoka hapo nyaya mbili zinakwenda sambamba mpaka swichi ya nyuma, L1 kwa L1, L2 kwa L2. Kisha COM ya swichi ya nyuma ndiyo inayopeleka moto kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja, haikatizwi na mtu. "Ona kama njia mbili za ng'ombe kati ya kijiji na kijiji," alisema. "Wewe ukichagua njia ya juu na mwenzako wa kule kachagua ya juu, mnakutana, taa inawaka. Mmoja wenu akibadili njia, mnapishana, taa inazimika. Yeyote anaweza kuwasha, yeyote anaweza kuzima."

Lakini nyumba si yangu, na hapo sikutaka kukosea tena. Jumapili nikaenda shambani kwa mzee pamoja na kijana wa chumba cha tano, aliyejitolea kunisindikiza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kuna nini, LUKU tena?"

Nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Mzee alinyamaza kwa muda, akachokonoa ardhi kwa fimbo. "Swichi ile niliiweka mimi," alisema. "Niliona watu wanakuja, wanakwenda, kila mtu anabofya. Nikasema acha nishike mwenyewe. Na kile kidaraja nimekusudia kukisawazisha miaka mingi." Akakubali: vifaa ni vyake, ufundi tuchangie sisi, na kodi ya jengo tunayoilipa kwenye LUKU tuikate kwenye kodi ya vyumba, kwa kuwa ni deni lake.

Dada fundi alirudi siku ya Jumanne. Kwanza aligusisha testa yake mahali penye umeme kuhakikisha kuwa ni nzima. Akazima meni swichi, akapima tena pale pale, kisha akapima kila waya kabla ya kuugusa. Alimwambia kijana wa chumba cha tano asimame kwenye meni swichi, asimruhusu mtu aiwashe hata kama ni mimi. Mita ya LUKU yenyewe na lakiri yake hakuigusa. Akautoa waya wa korido nyuma ya mita yangu, akaupa njia yake mwenyewe mbele ya mita zote ndogo, na saketi breka yake. Akaunyoosha ule upotofu wa nyutro. Akapitisha nyaya mpya za milimita moja na nusu, akafunga swichi moja mlango wa mbele na moja mlango wa nyuma, na balbu ya LED ya wati 9. Tundu lililobaki ukutani kwangu alilifunika kwa kibao cheupe. Kibao hicho bado kipo.

Hesabu ya mwezi ikawa rahisi. Chukua yuniti zilizoliwa na LUKU kubwa, toa jumla ya mita ndogo sita. Kinachobaki ni taa ya wote, gawa kwa sita. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa siku 30 inakula yuniti tatu na robo hivi. Hata kwa ile bei ya 350 haifiki shilingi 200 kwa kila chumba. Nilibandika karatasi ya hesabu kwenye mlango wa mbele. Yule wa "narudi mchana" aliisoma mara mbili, akalipa ya miezi mitatu.

Mama wa chumba cha nne alikuwa amehamia kwa dada yake wakati anauguza mguu. Nilikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili niliongea habari za hali ya hewa. Mara ya tatu nilisema. Nilisema kwamba nilikuwa macho usiku ule, naandika, na taa yangu inawaka. Alisikiliza, akavuta kanga akafunika kovu, akasema, "Najua. Nilikuwa nauona mwanga wako chini ya mlango kila siku. Ndio nilikuwa nalengea huo." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwuliza.

Alirudi mwezi uliofuata. Saa tisa usiku nilisikia swichi ya nyuma, kap. Nyayo, sufuria, mlango wa mbele ukifunguliwa. Kisha swichi ya mbele, kap. Asubuhi alinikuta natoka kwenda kazini, akanipa andazi, akasema, "Siku hizi hata hujui nimewasha saa ngapi, mwanangu." Nikasema kweli, mama, sijui. Nikala andazi nikiwa nimesimama pale pale juu ya kidaraja, ambacho mzee bado hajakisawazisha.

Hadithi ya Nyangarata sijaimaliza. Nyuma ya ukurasa wake kuna ule mchoro wa dada fundi, na kila nikifungua daftari naanzia huko.